Mwaka Tuliojifunza Kula kwa Uma

Mwezi uliopita alizikwa Zuhura, na mimi nilichelewa maziko. Gari lilikwama njiani, nikafika Temeke wanaume wameshatoka makaburini na wananawa mikono. Nikasimama mlangoni na fimbo yangu, nikasema kwa sauti, "Mmemfukia haraka hivyo mnaficha nini? Bibi huyu kafa na pilau yangu!" Vijana waliokuwa wakipanga viti wakanitazama kama mwehu, na mmoja akanishika mkono anitoe nje kwa heshima. Ilibidi mzee mmoja aliyekaa mkekani awaambie, "Mwacheni, huyo mtani. Mnyamwezi huyo. Angewahi, hata jeneza msingepita nalo." Wakaniachia, lakini niliona hawakuelewa. Zamani sisi Wanyamwezi tulipozuia jeneza la Mzaramo, au wao walipozuia la kwetu, kila mtu alijua kazi inafanyika. Mtani huvaa kanzu ya marehemu, hutembea kama yeye, hukohoa kama yeye, huwatukana wafiwa mpaka wacheke huku machozi yanawatoka, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Siku hizi mtani ni mzee aliyepotea njia.

Nikapewa kiti ukumbini, mahali pale pale palipokuwa na benchi la mama yake Zuhura. Nyumba imewekwa vigae na feni, lakini mlango wa uani bado una kile kizingiti kirefu, nami bado nilijikwaa. Mjukuu wa Zuhura akaniletea chai. Anaitwa Hawa, amepewa jina la mama wa bibi yake, Bi. Mwanahawa, na amepewa na mwanya wake wa mbele na ile tabia ya kuinamisha kichwa anapouliza jambo. "Shikamoo, babu." "Marahaba." Akachuchumaa karibu na kiti changu. "Babu, wanasema we' ulikuwa wakili. Mie nataka kusoma sheria, ila nachanganyikiwa. Ukimaliza digrii yako, kule wanakokufundisha uwakili, wanaangalia umetoka chuo gani? Maana kila mtu ananiambia lake. Huyu anasema usiende chuo hiki, hutapokelewa. Hiyo ishu ni ya kweli, au maneno ya watu tu?"

Nilikunywa chai yote kwanza. Ilikuwa ya moto na iliniunguza, nikanywa hivyo hivyo. Swali lile lile, ndani ya nyumba ile ile, nilikuwa sijalisikia kwa miaka mingi, na mara ya kwanza lilipoulizwa, kabla ya uhuru, lilimwondoa mtu.

Mwaka ninaousema ulianza mwezi wa Desemba, Waingereza wakiwa bado wanatutawala na hawana dalili yoyote ya kufunga mizigo. Ramadhani na mimi tulikuwa tumemaliza darasa la kumi na mbili katika shule ya bweni huko bara, na nafasi za chuo cha Kampala tulishapewa wote wawili. Badala ya kwenda kwetu nikamfuata yeye kwao Temeke kungoja muhula uanze. Rama alikuwa mtoto wa pekee wa kiume wa Bi. Mwanahawa, kaka yake Zuhura, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa kusuka ukili na kusikiliza kila kitu. Mama mtu alinipokea kizingitini, akanitazama juu mpaka chini, mimi na sanduku langu la bati. "Karibu, Mnyamwezi mzigo," akasema. "Hilo sanduku lako, au umetumwa na mtu?" Babu zetu walikuwa wapagazi wa misafara, ndiyo asili ya tusi hilo. Nikamjibu kwamba ni langu, na kwamba kama lingekuwa na nazi ndani angekuwa ameshalifungua. Akacheka akishika mdomo, na kuanzia hapo sikuwa mgeni. Nilipewa chumba cha kwanza mkono wa kulia, chenye kitanda cha kamba na dirisha la mbao lililofungwa kwa msumari. Chumba kilinuka tui na mafuta ya taa.

Rama hakuwa mtu wa kukaa kimya. Alikuwa na ugonjwa wa mahakama. Wenzetu walikwenda kutazama mpira. Yeye alishuka mjini kwa miguu kupitia Keko, akajibana kwenye mabenchi ya nyuma mahakamani kusikiliza kesi za watu asiowajua, halafu jioni akirudi aliugeuza ua kuwa mahakama. Kinu kilikuwa kizimba. Hakimu alikaa juu ya mbuzi wa kukunia nazi. Rama alikuwa kila mtu: hakimu wa Kizungu mwenye mafua, mkalimani mwenye kujipendekeza, mwizi wa kuku, mwenye kuku, na mara moja kuku mwenyewe. Wanawake wa nyumba za jirani walikuwa wakija na mboga zao kuzichambulia kwetu ili wasipitwe. Bi. Mwanahawa alikuwa akisema, "Huyu kazaliwa na wakili tumboni," na alisema bila utani wowote.

Halafu mahakama ikaja kwake kwa kweli. Alikuwa na shamba upande wa Yombo, minazi na mihogo, alilorithi kwa wazee wake. Serikali ikataka kupanua nyumba za wafanyakazi, ikapima hapo. Siku ya shauri tulimsindikiza, Rama na mimi. Alivaa kanga mpya na baibui yake ya Idi. Aliposimama na kufungua mdomo, mkalimani akamwambia angoje aulizwe. Akangoja. Mabwana wakasemezana Kiingereza kuhusu minazi, mingapi mikubwa, mingapi midogo, kana kwamba minazi ndiyo iliyokuja kushitaki. Kisha hakimu akafunga jalada, na watu wengine wakaitwa. Bi. Mwanahawa alikuwa bado amesimama. Hakuulizwa. Njia nzima ya kurudi Temeke hata mimi mtani wake sikuthubutu kumchokoza.

Alasiri ile ile, huku mama akiwa ameanza kupepeta mchele kama kawaida, Rama akakaa juu ya mbuzi. Akakohoa mafua ya hakimu. Tukadhani atatuchekesha na nikaona kwamba si wakati wake. Lakini akasema, kwa sauti ya hakimu na Kiswahili kibovu cha hakimu, "Bi. Mwanahawa binti Kondo. Mahakama inakuuliza. Una la kusema?" Mama akaacha ungo. Akasema. Alianza na bibi yake aliyepanda mnazi wa kwanza, akaeleza nani alizaliwa chini ya mti upi na kitovu cha nani kilizikwa wapi, alisema mpaka mchele ukapandwa na kuku na hakuna aliyewafukuza. Rama hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, hakimu akainuka juu ya mbuzi, akamshika mama yake mikono, na kwa sauti yake mwenyewe akasema, "Mama, mie nitasomea uwakili. Siku moja utaulizwa kweli."

Kwa hiyo swali la nyumba nzima likawa moja: uwakili unapitia chuo gani? Hapa nchini hapakuwa na pa kusomea sheria. Bwana wa Idara ya Elimu tulipomfuata alitwambia Kampala ni kwa walimu, waganga na mabwana shamba. "Mnataka sheria ya nini? Mnataka siasa," akasema, akatuonyesha mlango. Tulijua kwamba mawakili hufundwa Uingereza, na kwamba ili upokelewe huko yafaa uwe na digrii kwanza. Lakini digrii ya wapi? Hilo hatukumjua wa kumuuliza, ila mmoja.

Huyo alikuwa Bwana Nathanieli, mtu wa Bukoba, karani katika ofisi ya mawakili wa mjini. Alikaa Kinondoni, na Jumapili baada ya kanisa alipenda kututembelea, nadhani kwa sababu ya samaki wa kupaka wa Bi. Mwanahawa. Alivaa tai hata kwenye joto la Februari. Alikuwa mtu mwema, nataka niliseme hilo wazi, kwa sababu kwa miaka mingi nilimchukia. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, akafungua kifungo kimoja, akatufunulia siri za kazi. "Kampala, jina lake halitoshi," akasema. "Ukitoka Kampala utaitwa mwalimu mpaka unazikwa. Wale wazee wa London wanatazama umetoka wapi. Mimi ninawaona mawakili kila siku ya Mungu. Ofisini kwetu wako watatu, ghorofa ya juu wako wawili, ng'ambo ya barabara yuko mmoja. Ukiacha Wazungu, wote wamesoma India kwanza. Wote! Nionyesheni mmoja aliyepitia Kampala." Hatukuwa na wa kumwonyesha. Rama akanitazama, nami nikatazama sakafu, kwa sababu hoja ilionekana haina tundu.

Sasa nina umri wa kuona tundu lile, na ni kubwa kiasi cha kupita gari. Wale mawakili walikuwa Wahindi. Walisoma India kwa sababu ndiko kulikokuwa na shangazi zao na vitanda vya kulala. Na hakukuwa na wakili wa Kampala kwa sababu kila aliyekwenda Kampala alisukumwa kwenye chaki. Chuo hakikuwachagua wala kuwakataa. Lakini sisi tulikuwa watoto wa nchi ambayo Mwafrika wakili hajaonekana kwa macho yetu, na mtu asiyeona mlango hufuata nyayo anazoziona, hata kama ni za wenye nyumba nyingine.

Jambo la pili alilotwambia Bwana Nathanieli lilituchekesha. Alisema kwamba huko London wakili hafaulu kwa mitihani tu. Ni lazima ale. Ndiyo, ale chakula cha jioni katika ukumbi wa wanasheria, mara nyingi zilizowekwa, kwa uma na kisu, amevaa joho. Asipokula hawi wakili. Nilimwambia kwamba kama uwakili ni kula, basi Wazaramo wamezaliwa majaji. Bi. Mwanahawa akanirushia kaka la limau. Lakini kesho yake alikwenda dukani kwa Mzee Suleimani, Mwarabu wa kona, akarudi na uma mbili na visu viwili vimefungwa kwenye gazeti. Tangu siku hiyo, kila mchana, Rama na mimi tulikalishwa kwenye meza aliyoiazima kwa jirani, tukala bada kwa uma. Asiyejua bada ni ugali wa muhogo, mzito, unaovutika. Kuula kwa uma ni kama kuchota gundi kwa kitana. Mama alisimama nyuma yetu na mwiko. "Mgongo! Kaa kama Bwana Shauri!" akasema, yaani yule Mzungu wa wilaya. Zuhura alianguka kwa kucheka. Rama alijifunza kwa siku chache, kwa kuwa alikuwa mwigaji, akashika kisu chake kwa vidole laini na kuniomba chumvi kwa sauti ya Gavana. Mimi nilijichoma mdomo mara kwa mara.

Mzee Suleimani, aliyeuza uma zile, ndiye aliyefungua njia. Shemeji zake walikaa Bombay. Aliposikia kinachozungumzwa alivuka barabara na kahawa yake, akasema kijana anaweza kufikia kwao, atakula kwao, na chuo kiko karibu na nyumba. Nauli ya meli atamsaidia. Alisema, "Mtoto wa jirani ni mtoto," na hakutaka kushukuriwa. Wakati mwingine nafikiri kwamba mwaka ule hakukuwa na mtu mbaya hata mmoja. Bora angekuwepo.

Siku ya kukata shauri tulikaa wote ukumbini, Jumapili, baada ya kula. Bwana Nathanieli alikuwa kwenye benchi, Mzee Suleimani kwenye kiti, Bi. Mwanahawa kwenye mkeka na Zuhura kwenye mlango wa uani akijidai anasuka. Mama alikuwa na wasiwasi, niliuona. Alisema, "Mchagua jembe si mkulima. Kampala wamempa tayari, si aende na mwenzake?" Bwana Nathanieli akatikisa kichwa kwa huzuni kama daktari. Rama akasema hataki kuwa mwalimu wa Kiingereza wa watoto wa Singida. Halafu akanigeukia mimi. "Mtani, wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimekaa na jibu hilo wiki nzima. Sikuwa na hoja ya vyuo, sikujua chochote kuhusu vyuo. Nilikuwa na hofu tu, hofu ya kweli, iliyokuwa ikinikaa kifuani tangu Mzee Suleimani alipotaja meli. Nikasema, "Asiende. Akienda India atakufa huko, na sisi tutakosa hata jeneza la kuzuia."

 Bi. Mwanahawa akapasuka kwa kicheko, akajipiga paja. "Mnyamwezi mzigo! Unaogopa kukosa pilau ya matanga!" Mzee Suleimani akacheka kahawa ikamwagika. Rama akaanguka sakafuni, akajinyoosha, akajifunika kanzu usoni, maiti ya Bombay, halafu akainua mkono mmoja na kuomba chumvi kwa sauti ya Gavana. Hata Bwana Nathanieli alicheka. Nikasema, "Mie nasema kweli," wakacheka zaidi, kwa sababu ndivyo mtani husema. Mtu mwingine yeyote angelitamka neno lile wangemwambia astaghfirullah, wangesita, labda wangeahirisha. Mimi pekee ndani ya chumba kile nilikuwa na ruhusa ya kutaja kifo chake, na ruhusa hiyo ndiyo iliyoyaondolea uzito maneno yangu. Kuna msemo, mzaha mzaha hutumbua usaha. Lakini mimi sikuwa nafanya mzaha, na hilo ndilo ambalo sijalipatia jina mpaka leo. Basi nami nikacheka. Ungefanya nini?

Niliondoka mimi kwanza, mvua za masika zikianza. Wote walinisindikiza stesheni. Bi. Mwanahawa alinifungia mikate ya kumimina na uma wangu, ameuzungushia kitambaa. Treni ilipoanza kusogea Rama akapanda juu ya toroli la mizigo, akanyoosha mkono kwa dereva. "Mheshimiwa hakimu! Naweka pingamizi! Treni hii inamwiba mtani wangu mchana kweupe!" Abiria walikuwa wakichungulia madirishani na kucheka. Mlinzi wa stesheni akamjia na kirungu, naye akaanza kumtetea mlinzi vile vile. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona. Amesimama juu ya toroli, shati limemtoka, anajibu kesi ya mtu mwingine.

Kampala sitaieleza hapa. Niliporudi likizo mwezi wa Desemba, nilishukia Temeke kabla ya kwenda kwetu, nikiwa na mengi ya kumtania mama. Rama alikuwa ameshaandika mara moja akisema chuo ni kizuri na mchuzi una pilipili mno. Nilikaa siku chache chumba changu kile kile. Asubuhi moja Zuhura alitumwa sukari dukani, akarudi na kikombe kitupu. "Kwa Mzee Suleimani pamefungwa," akasema. Duka lile halikuwahi kufungwa siku ya kazi. Bi. Mwanahawa alikuwa anakuna nazi. Aliacha, lakini hakuinuka juu ya mbuzi. Tulikaa hivyo, sote watatu, tukisikiliza viatu vya mtu mzima vikivuka barabara polepole na kuingia ukumbini. Mzee Suleimani alikuwa na karatasi ya simu ya maandishi mkononi na hakuweza kuisoma, ikabidi niisome mimi. Ilikuwa homa ya matumbo. Rama alishazikwa huko huko, na shemeji za mzee walimfanyia yote yanayompasa Mwislamu.

Mashekhe walisali swala ya ghaibu, ile anayosaliwa maiti asiyekuwepo. Watu walijaa mpaka barabarani. Watani wote wa Temeke walikuja, Wanyamwezi na Wasukuma, wakasimama nje kando yangu wakiwa wameweka mikono nyuma. Hapakuwa na jeneza la kuzuia. Hapakuwa na kanzu ya kuvaa, kwa kuwa alizichukua zote. Kazi yangu ilikuwa kumwiga, nami sikuwa mwigaji, mwigaji alikuwa yeye. Mtu mzima mmoja wa kwetu alininong'oneza, "Sema chochote, mama amekauka, atapasuka." Nikaingia ndani. Bi. Mwanahawa alikuwa amekaa kitako ukutani, macho makavu. Nilifungua mdomo. Neno pekee lililonijia ni lile nililolisema ukumbini mwezi wa pili. Nikafunga mdomo, nikatoka. Nililia nyuma ya choo kama mtoto, na sioni aibu kulisema.

Ilinichukua miaka kufika London. Nilimaliza Kampala, nikafundisha kama Bwana Nathanieli alivyotabiri, kisha njia ikapatikana, sheria ikawa yangu, ingawa sikuwahi kuzaliwa na wakili tumboni. Nadhani nilikwenda kwa sababu Rama hakuweza tena kwenda. Katika moja ya nyumba zile za kale ambako Waingereza hufunda mawakili wao, karani mzee mwenye miwani alipokea vyeti vyangu. Nilikuwa nimejitayarisha usiku na mchana kukitetea chuo changu. Alitazama kama nina digrii, akaweka alama ya wino, akafunua ukurasa. Nikamuuliza mwenyewe, kwa kuwa sikuweza kujizuia: je, mtu aliyetoka Bombay, na mtu aliyetoka Kampala, yupi hupokelewa upesi? Akavua miwani. Alikuwa mpole. Akasema, "Kwetu ni mamoja, bwana. Tungewapokea nyote wawili." Kisha akaniuliza kama nimeelezwa kuhusu chakula cha jioni.

Kumbe lile lililotuchekesha ndilo lililokuwa kweli, na lile lenye hoja ndilo lililokuwa maneno matupu. Nilikula. Walitukalisha wannewanne kwenye meza ndefu chini ya picha za majaji waliokufa. Sikuwahi kula pale tukiwa wanne tu. Nilishika uma kama Bwana Shauri, mgongo umenyooka, na mara tu ukumbi ulipotulia nilisikia sauti ya Gavana karibu kabisa na sikio langu ikiniomba chumvi. Mara ya kwanza niliisogeza chumvi. Mwenzangu wa kushoto, mtu wa Ghana, akanishukuru.

Nilirudi nikiwa wakili. Siku ya pili tu nilikwenda Temeke, na Bi. Mwanahawa, aliyekuwa amezeeka ghafla, alinipokea kizingitini. "Mnyamwezi mzigo! Leo umebeba joho." Tulikaa uani. Akataka nimweleze yote, kiti kilikuwaje, nyama ilikatwaje. Kisha akainamisha kichwa kidogo. "Na walikuuliza umetoka chuo gani?" Zuhura, aliyekuwa ananyonyesha, akanitazama. Naapa nilijua anachouliza. Nikatafuta mahali pa kujificha, na mtani ana mahali pamoja tu. "Mama," nikasema, "wale Wazungu hawana habari na vyuo. Waliniuliza kama najua kushika uma!" Akacheka. Alicheka sana, akashika mdomo, akageuka kumwita Zuhura acheke naye. Katikati ya kicheko akanyamaza, lakini uso ulikuwa bado haujapata habari, ulikuwa bado unacheka. "Kwa hiyo," akasema, "hata angekwenda na wewe." Halikuwa swali. Akaondoa chungu motoni, japo wali ulikuwa haujaiva.

Mara ile moja alielewa kwamba mtani anasema kweli. Na tangu siku hiyo hakunitania tena. Alinipikia, aliniombea dua, aliniita mwanangu, aliniita Andrea kwa jina langu kama watu wa posta. Shamba la Yombo lilikuwa limeshajengwa zamani. Nilifanya kazi ya uwakili miaka mingi, na kila nilipomwona mtu amesimama kizimbani akiwa amesahauliwa nilisimama na kuomba aulizwe, mpaka mahakimu wakanichoka. Bi. Mwanahawa alikufa bila kuniita mzigo, na kwenye jeneza lake nilifanya kazi yangu kwa sauti kubwa, lakini najua kuwa yeye alikuwa ameshaniachisha.

"Babu?" Hawa alikuwa bado amechuchumaa. Kikombe kilikuwa kitupu mkononi mwangu. Nikamwambia ukweli ninaoujua. Nikasema wanachotazama ni kama umesoma na ukafaulu, na kwamba wanaoogopa majina ya vyuo mara nyingi ni sisi tulio nje ya mlango. Akaitikia kwa kichwa, lakini niliona hakuridhika, alitaka jina. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Basi kama lazima uchague," nikasema, "nenda chuo kilicho karibu. Ukifa, tupate jeneza la kuzuia."

Wanawake waliokuwa mlangoni waliguna. Shangazi mmoja akasema, "Astaghfirullah, mzee!" Hawa alinikodolea macho. Nilitaka kumwambia kwamba nasema kweli, nikajizuia, maana nilikwisha kulisema hilo mara moja. Halafu ule mwanya ukaonekana. Akashika mdomo, mabega yakaanza kumtikisika, pale pale kwenye matanga ya bibi yake. "Loo," akasema, "Mnyamwezi mzigo wewe! Pilau tu imekuleta!"

Sijui nani alimfundisha. Labda Zuhura. Nyumba ile ilikuwa haijaniita hivyo tangu siku chungu kilipoondolewa motoni. Nikageuka upesi kutazama mlango wa uani, maana kila mama aliponitukana, Rama ndiye aliyekuwa akifuata, anaruka kile kizingiti, amekuja kunitetea.